Kabla ya Kununua Giaboksi, Tafuta Maji Yalikotoka

Apandaye kutoka Kyela hadi Tukuyu huinuka takriban mita 1,000. Lori la tani 10 likipanda mlima huo, kazi ya kuushinda uzito wake peke yake hufikia jouli milioni 98. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikokotoa hesabu hiyo daftarini. Lakini ni wangapi kati yetu huikumbuka lori linapokwama njiani?

Katika lori lenye gia zinazojibadilisha zenyewe, kama lile la GMC M211 la jeshi la Marekani la miaka ya 1950, nguvu ya injini hupokezwa kwa msukumo wa oili. Si nguvu yote ifikayo magurudumuni. Sehemu yake hugeuka joto ndani ya oili. Tuseme joto hilo ni sawa na sehemu ya kumi tu ya jouli tulizozitaja: lingetosha kupandisha joto la lita 20 za oili kwa zaidi ya nyuzi 200, lau oili hiyo isingepozwa. Ndiyo sababu oili huzungushwa katika kipoza, ambacho katika magari mengi hupozwa na maji ya rejeta. Oili na maji hupita karibu karibu, vikitenganishwa na ukuta mwembamba wa chuma.

Jamaa yangu mmoja, mkulima wa mpunga huko Kyela, alinunua lori kuukuu la kijeshi lenye gia za namna hiyo. Masika moja, baada ya kuvuka maji ya mafuriko, injini ilinguruma lakini lori halikusogea. Oili ya gia ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wote tulisema: maji ya mafuriko yameingia. Hata mimi, pamoja na shahada yangu ya udaktari kutoka ng'ambo, niliafiki bila kuuliza swali. Fedha za mavuno ya msimu mzima zikanunua giaboksi nyingine. Haukupita mwezi, oili ikageuka tena vilevile, na mvua zilikuwa zimekwisha koma.

Ndipo utingo aliponijia. "Shikamoo, Mwalimu. Mbona rejeta hii naiongeza maji kila asubuhi, na chini hapadondoki hata tone?"

Tulifungua kifuniko cha rejeta. Mafuta yalikuwa yakielea juu ya maji. Kipoza kilitolewa, kikazibwa upande mmoja, kikajazwa upepo na kuzamishwa katika karai la maji, kama itafutwavyo pancha ya mpira wa baiskeli. Mapovu yakatoka. Ufa ule ndio uliokuwa umeua giaboksi mbili.

Kosa letu halikuwa kukosa vifaa, bali kuifanya dalili kuwa sababu. Oili yenye maji ilikuwa na maelezo mawili. Kama maji yametoka mtoni, rejeta itabaki imejaa. Kama yametoka ndani, rejeta itapungua. Kuitazama rejeta kwa dakika moja kungetosha kuyatenganisha maelezo hayo mawili, bila gharama yoyote.

Siwadharau mafundi wetu. Wengi husikia katika mlio wa injini mambo ambayo sisi wasomi hatuyasikii. Ninaloupinga ni mtindo wa kubadilisha kifaa baada ya kifaa hadi gari likubali kwenda, kwa maana gharama ya kubahatisha humwangukia mwenye mali. Hapana budi kuanza kwa kutazama, kisha kumwuliza aishiye na mashine kila siku, kisha kupima kwa njia rahisi. Kufungua na kununua kuje mwisho.

Ndugu walimu, chukueni kifaa chochote kilichoharibika, baiskeli, pampu au taa, mkiweke mbele ya darasa. Kila mwanafunzi aandike sababu mbili zinazowezekana, na jambo moja litakaloonekana iwapo kila sababu ni ya kweli. Kisha apime. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na jamaa yangu alilipa mavuno ya mwaka mzima.