Usafi wa Madirisha na Usalama wa Anayeyasafisha

Katika mikataba ya usafi wa majengo, ya hospitali yakiwemo, swali la kwanza huwa ni bei, na la pili ni iwapo vioo vitang'aa. Kwa mtazamo wangu nikiwa daktari wa mifupa, lingetangulia swali jingine: je, miguu ya msafishaji itakuwa wapi?

Njia ya jadi hutumia ndoo, maji ya sabuni, kitambaa cha kusugulia na kifaa chenye ulimi wa mpira cha kukaushia kioo. Vifaa vyake ni vya bei nafuu, maji yatumikayo ni machache, na kwa upande wa ndani wa dirisha haina mshindani. Kasoro hujitokeza dirisha likiwa juu: mkono hauna budi kukifikia kioo, hivyo msafishaji hupanda ngazi.

Njia ya pili hutumia maji yaliyoondolewa madini. Maji ya bomba au ya kisima huwa na chumvichumvi, hasa za kalsiamu na magnesiamu, ambazo huacha madoa meupe maji yakikauka. Yakichujwa kwa kusukumwa kupitia utando mwembamba sana, hukauka bila kuacha alama. Sabuni haihitajiki, wala kupangusa. Maji hupanda kwa mpira hadi kwenye brashi iliyo ncha ya mpini mrefu, na msafishaji husimama chini hata anaposafisha madirisha ya ghorofa ya tatu.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mtu aangukaye kutoka juu na kutua kwa miguu huweza kuvunjika kisigino na pingili za mgongo kwa pamoja. Maumivu ya kisigino yakizidi, mgongo husahaulika. Kwa hiyo kila aliyevunjika kisigino kwa kuanguka achunguzwe mgongo pia. Uti wa mgongo ukikatika, hakuna upasuaji uwezao kuurejesha ulivyokuwa. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2005 humtaka mwajiri aepushe kazi ya juu kila inapowezekana kuifanya kwa njia nyingine. Hiyo ndiyo kinga, na kinga ni bora kuliko tiba.

Njia hii nayo ina gharama zake. Mtambo ni ghali, na uchujaji hutupa sehemu ya maji; penye uhaba, maji hayo yakingwe yatumike kudekia. Mpini mrefu huchosha shingo na mabega, na ule wa alumini au nyuzi za kaboni hupitisha umeme, hivyo usikaribishwe kwenye nyaya. Tena, maji yasiyo na madini si lazima yawe hayana vijidudu. Yasitumiwe kumhudumia mgonjwa.

Rai yangu kwa wasimamizi wa hospitali ni hii: ndoo ibaki kwa madirisha ya ndani na yale yanayofikiwa kwa kusimama chini, ya nje yaliyo juu yasafishwe kwa mpini, na sharti hilo liandikwe katika mkataba. Nawe uifanyaye kazi hii, mwenzako akianguka, usimwinue wala kumketisha. Mwache alale alivyo, mzuie asijitikise, uite msaada. Kioo kikibaki na doa, kitasafishwa kesho. Mgongo uliovunjika hauna kesho kama hiyo.