Mwalimu Si Rehani

Hutokea Mbeya kwamba mkuu wa shule ya binafsi huhamia Iringa kuongoza shule nyingine, akiwa amejifunga kwa saini kuwa hatawachukua walimu aliowaacha. Mwalimu akitaka kumfuata, mwenye shule humwambia kwamba amezuiwa.

Dai hilo halina msingi. Mkataba huwafunga waliouridhia. Mkuu akiwarubuni walimu kinyume cha ahadi yake, atajibu yeye. Mwalimu ambaye hakutia saini sharti hilo, akaomba kazi kwa hiari yake, hapaswi kulipa deni la mwingine. Wajibu wake ni kuheshimu mkataba wake mwenyewe. Kwa mwajiriwa wa mwezi aliyepita mwezi wa kwanza kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 28.

Nyanda za Juu Kusini zinakumbuka enzi ya kipande. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kibarua aliyetoroka kazi, iwe shambani au machimboni, alihesabiwa mhalifu. Ukoloni huo usirudishwe kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo, uhuru una nidhamu yake. Mwalimu asiwatelekeze watahiniwa, wala asiondoke na siri za shule. Nao wenye shule wafahamu kuwa mwalimu hubakizwa na mshahara wa haki na heshima, si vitisho.