Mwanafunzi Kutoka Vienna

Mwezi wa Septemba mwaka 1959 ndege iliondoka Nairobi ikichukua wanafunzi 81 waendao Marekani kutafuta elimu ya juu. Habari za safari hiyo zimesimuliwa mara nyingi, na ni haki zisimuliwe, kwa maana wengi wa vijana wale walirudi wakashika kazi kubwa katika nchi. Lakini mwaka huo huo kijana mwingine alifunga safari ya kuelekea upande wa pili. Yeye alitoka Ulaya, akaja Afrika ya Mashariki kutafuta elimu. Jina lake Gerhard Kubik, mwenyeji wa mji wa Vienna katika nchi ya Austria, na umri wake ulikuwa miaka 24.

Huko kwao Kubik alikuwa mpiga klarineti katika bendi ya jazi. Muziki huo, kama ijulikanavyo, ulizaliwa Marekani miongoni mwa watu weusi, ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika. Mwenye kuupenda kwa dhati hatakosa kujiuliza chanzo chake. Wengine hujiuliza, kisha hununua sahani nyingine ya santuri. Kubik alitoka peke yake, akasafiri kwa kuomba nafasi katika motokaa na malori ya wapita njia, hata akafika Uganda. Mzazi wa Kiafrika akiambiwa na mwanawe kwamba anataka kwenda nchi ya mbali kwa namna hiyo, tena kwa ajili ya kujifunza ngoma, hapana shaka atamwita mtukutu. Pengine wazazi wa Vienna nao hawana tofauti.

Katika mji wa Kampala lipo jumba la makumbusho, na jengo lake juu ya Kitante lilifunguliwa mwaka 1954. Mlinzi wake wa wakati huo, Dkt. Klaus Wachsmann, hakuridhika kuweka ala za muziki katika makabati ya vioo tu, kama vyungu vya watu waliokwisha kufa. Alitaka zipigwe, na wageni wasikie. Mmoja wa mafundi waliofanya kazi hapo alikuwa Evaristo Muyinda, mpiga marimba ambaye alijifunza ufundi wake katika kasri la Kabaka wa Buganda. Muyinda ndiye aliyekubali kuwa mwalimu wa kijana yule.

Marimba ya Kiganda yaitwayo amadinda yana vibao 12. Vibao hivyo huchongwa kwa mti ambao Waganda huuita lusambya, nao Waluhya huuita lusiola, na Wajaluo siala. Wakulima wa Nyanza na wa Magharibi wanaujua vema, maana hutoa nguzo nzuri za nyumba. Fundi akitaka sauti ya kibao ipande, hukipunguza nchani. Akitaka ishuke, hukichonga katikati upande wa chini. Vibao hulazwa juu ya magogo mawili ya mgomba yaliyowekwa sambamba, na vijiti huchomekwa ndani ya magogo ili kutenga kibao na kibao. Mgomba ni laini, haunyonyi sauti ya kibao, nao huoza upesi. Hapo hukatwa magogo mengine, lakini vibao hutunzwa miaka mingi.

Wapigaji ni watatu. Wa kwanza huitwa omunazi, naye ndiye aanzaye. Wa pili, omwawuzi, huketi ng'ambo ya marimba akimwelekea, na jina lake latokana na neno lenye maana ya kutenganisha au kugawanya. Kila mmoja ana fimbo mbili, naye hupiga vibao viwili kwa pamoja vyenye sauti ileile moja, ya chini na ya juu, kama vile mwanamume na mtoto waimbapo wimbo mmoja. Huyu wa pili hapigi pamoja na mwenziwe. Hupiga katikati ya mapigo yake, barabara, kama wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka. Tena hufanya hivyo kwa mbio ya kutisha, hata mapigo yao yakichanganywa huweza kupita 500 kwa dakika moja. Mwenye kukosa kidogo tu huharibu kazi yote, kama vile michi miwili igonganapo kinuni.

Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya mwisho, vile vidogo vyenye sauti nyembamba. Mtu asiyejua atadhani kwamba huyo amepewa kazi ya mtoto. Kumbe yeye hana budi kusikiliza mchanganyiko wa wenzake wawili, na kila mara zitokeapo sauti za vibao viwili vya chini kabisa, azirudie juu. Wenzake wana tuni walizokariri. Yeye hutoa zake katika kusikia, huku mambo yanakwenda kwa kasi niliyokwisha kutajwa hapo juu.

Basi mgeni kutoka Vienna aliketi mbele ya ala hiyo. Hakuanza kwa maelezo wala kwa karatasi. Desturi ya mafundi wa Kiganda ni kumpa mwanafunzi sehemu moja, aipige na kuirudia mpaka mikono iizoee, kisha mwalimu huingia na sehemu ya pili. Hapo ndipo taabu huanza. Mtu aliyefundishwa muziki wa Kizungu amezoea kwamba liko pigo moja kuu, ambalo watu wote hulifuata, kama askari wafuatavyo hatua katika gwaride. Katika amadinda kila mpigaji huhesabu mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo makuu, na ya mwenziwe kuwa ndiyo yaangukayo katikati. Wote wawili wana haki, na hakuna anayemfuata mwingine. Mgeni huvutwa. Huanza vema, halafu mkono wake hukimbilia kuungana na mkono wa mwalimu, na kinachosikika ni kishindo.

Kubik aliivuka taabu hiyo, na kwa kuivuka aligundua jambo ambalo wengi waliomtangulia hawakulishika. Ulaya na Afrika Kusini zilikuwako sahani nyingi za muziki wa Afrika. Hugh Tracey, kwa mfano, alizunguka Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1950 na 1952 akinasa nyimbo kwa mashine. Mtu akisikiliza sahani ya marimba ya Buganda husikia nyimbo fupi fupi zinazopanda na kushuka, nyingine zikikatiza nyingine, zenye hesabu ya kutatanisha sana. Wataalamu waliketi na kalamu wakijaribu kuandika yale waliyoyasikia, wakastaajabu jinsi mikono ya watu iwezavyo kufanya mambo magumu namna hiyo. Lakini Kubik alikuwa ameishika fimbo kwa mkono wake. Alijua ya kwamba mkono wa kila mpigaji hufanya jambo lililo sawasawa, pigo baada ya pigo, bila kuruka. Nyimbo zile zisikikazo hazipigwi na mtu hata mmoja! Huzaliwa katika sikio la msikilizaji, kwa sababu sikio huzikusanya pamoja sauti zilizo karibu, za juu na za juu, za chini na za chini, ingawa zimetoka katika mikono mbalimbali.

Wala si kwamba jambo hili lilitokea kwa bahati na mafundi hawakulijua. Watungaji wa Buganda walizipanga tuni zao ili sikio lipate nyimbo hizo. Mwimbaji aweza kusikia humo maneno ya wimbo wake, kwa kuwa Kiganda ni lugha yenye kupandisha na kushusha sauti, na neno hujulikana kwa sauti yake. Mwingine aliyeketi pembeni husikia kitu kingine katika muziki uleule.

Kwa karani au mwalimu aliyelelewa katika shule ya misheni, jambo jingine litamgusa. Alifundishwa kuimba do re mi, sauti saba, zenye hatua ndefu na hatua fupi, na kinanda cha kanisani kikawa ndicho hakimu. Marimba ya Kiganda yana sauti tano tu kabla ya kurudia ile ya kwanza, na hatua baina yake zakaribia kulingana. Mtu mwenye sikio la kinanda husema kwamba yamekosea. Hayakukosea. Mafundi wa kasri waliyalinganisha kwa uangalifu mkubwa, kibao kwa kibao, na fundi asiyetosheka na sauti yake hakuyaacha yaende mbele ya Kabaka. Ndiyo sababu Kubik alipoandika tuni alizofundishwa hakuzitia katika mistari mitano ya Kizungu, bali alitumia tarakimu, moja mpaka tano. Karani yeyote awezaye kusoma daftari ya hesabu aweza kuzisoma.

Maandishi yake ya kwanza juu ya marimba ya Buganda yalitoka mwaka 1960 katika jarida la Chama cha Muziki wa Afrika, na mwaka 1962 akaandika juu ya zile nyimbo zisizopigwa na mtu. Mwandishi alikuwa hajapata udaktari. Aliupata Vienna mwaka 1971 tu. Na mwalimu wake hakuhitaji karatasi ya chuo ili awe mwalimu wa daktari.

Hakuna aliyejua wakati huo kwamba muda uliobaki ulikuwa mfupi. Tarehe 24 Mei mwaka 1966 majeshi ya Serikali ya Dkt. Milton Obote yalilishambulia kasri la Mengo. Kabaka Mutesa II alitoroka, akafia London mwaka 1969, na mwaka 1967 falme za Uganda zilifutwa. Katika vita ile ala za kasri ziliharibiwa. Wapigaji walitawanyika, kila mtu kijijini kwake, na wengine waliona ni salama kutojulikana kwamba walipata kumtumikia Kabaka. Ngoma za entenga, ambazo ni 15, na kati yake 12 hupigwa kama marimba na kwa tuni zizo hizo, zilinyamaza. Mambo yaliyofunzwa na baba kwa mwana katika viwanja vya Mengo yalikatika kwa siku moja, na ufalme uliporudishwa mwaka 1993 wengi waliojua walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kubik mwenyewe hakukaa Buganda. Alikwenda mbele katika nchi nyingi, Angola, Malawi na kwingineko, na huko Malawi alijiunga na bendi ya Donald Kachamba, mpiga filimbi wa kwela, akakishika tena kile klarineti cha ujana wake, nyuma ya kijana wa Kiafrika aliyekuwa kiongozi. Mwaka 1994 lilitoka jalada la kwanza la kitabu chake kikubwa juu ya nadharia ya muziki wa Afrika, na marimba ya Uganda yamo humo. Sauti alizonasa katika safari zake zimehifadhiwa Vienna, katika nyumba ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1899. Kutoka Mukono mpaka Vienna ni mbali, na mtoto wa Muganda atakaye kusikia alichopiga babu yake amelazimika mara nyingi kukitafuta ng'ambo. Katika karne hii jambo hilo limeanza kurekebishwa, maana nakala za sauti alizonasa Wachsmann zimerudishwa Makerere.

Siku hizi amadinda hupigwa katika shule nyingi za Uganda. Wanafunzi huyapenda, na mashindano ya shule huyapa nafasi. Lakini mengi ya marimba hayo ya shule yamechongwa kwa sauti za do re mi, ili yaweze kufuatana na kinanda, na walimu wa muziki hawapatani juu ya jambo hilo. Wengine husema mtoto asipigwe marufuku kucheza nyimbo za kanisani kwa ala ya kwao. Wengine husema kwamba tuni za Mengo zikipigwa juu ya vibao hivyo, sikio halizipati tena zile nyimbo za ndani.