Mwanafunzi wa garaje naye ni mtu: tunaomba karatasi moja tu

Vijana wenzetu wa Goma,

Saa moja ya asubuhi, ukipita upande wa Katindo, Majengo ao Ndosho, utawaona vijana wenye nguo nyeusi kwa mafuta, wanafungua mlango wa garaje mbele bosi afike. Watu wanadhani wote ni watoto walioshindwa masomo. Hapana. Kati yao kuko wenye diploma ya chuo kikuu. Tuko sisi.

Tulisoma ufundi wa mashine miaka mitano. Tulihesabu mtetemo wa shafti kwa fomula ubaoni, tukachora pampu kwenye karatasi, tukatetea kazi yetu ya mwisho mbele ya walimu, wazazi wakapiga makofi na kununua fanta. Lakini motere ya kufungua kwa mikono yetu wenyewe haikuwepo. Halafu tukaingia garaje. Siku ya kwanza, muzee mmoja ambaye hakumaliza sekondari alikamata turnevisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye jenereta iliyokuwa inanguruma, mpini akauweka kwenye sikio. "Beringi ya nyuma imekufa," akasema. Tukafungua. Ilikuwa imekufa kweli. Ni mtetemo ule ule wa fomula yetu: yeye aliusikia, sisi tulikuwa tunauandika tu. Tangu siku ile hatuchekake fundi asiye na diploma.

Kwa hiyo msitusome vibaya. Hatuko hapa kusema kazi ya garaje ni ya aibu. Tunasema jinsi wanafunzi wanavyoishi humo ndani ni ya aibu.

Kuingia, unalipa. Mmoja wetu alitoa dola 60, pesa ambayo mama yake aliikopa kwenye likelemba ya soko. Miezi mitatu ya kwanza hakugusa motere. "Injinia, enda utununulie mikate." "Injinia, osha ile gari." Jina la injinia ndilo lilikuwa mshahara wake. Hakuna aliyemwambia atajifunza nini, kwa muda gani, wala ni siku gani ataitwa fundi. Bosi akikasirika, unafukuzwa na pesa haikurudie. Na pembeni yetu kuko batoto wa miaka 14 ao 15 wanaosafisha vipande kwa esansi mikono mitupu, wanavuta ule moshi siku nzima. Wao hata hilo jina la injinia hawana.

Mwenzetu mwingine alikuwa chini ya gari wakati kriki iliteleza. Hakukuwa hata kipande cha mti cha kuegemeza. Vidole viwili vya mkono wa kuume vilikatwa. Bosi alifika hospitali na juisi pamoja na dola 10, akasema ni Mungu ndiye alimulinda. Deni la hospitali lilibakia kwa familia. Tulipoenda kuuliza, tuliambiwa: "Ule kijana alikuwa anakuja tu kuangalia kazi." Aliangalia kazi mwaka mzima, kila siku, hata jumamosi! Lakini hakuna karatasi hata moja yenye jina lake. Kwa hiyo ni kama hakuwahi kuwa pale.

Na sheria iko. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaongelea wazi mkataba wa kujifunza kazi. Inasema mwenye kufundisha anajifunga kutoa mafunzo yenye mpango na yaliyo kamili, na mwanafunzi naye anajifunga kufuata maagizo na kufanya kazi anazopewa kwa ajili ya kujifunza. Kununua mikate haimo. Tuko pia na INPP, iliyoundwa tangu 1964 juu ya kufundisha watu kazi. Yaani wazee wetu waliona shida hii zamani. Ni sisi tulizoea kuishi kama haikuandikwa kitu.

Mabosi nao wako na maneno yao, na tuliwasikiliza. Wanasema: sisi pia tulilipa, tulipigwa hata na kle kichwani, leo tuko mafundi. Wanasema mwanafunzi akivunja bulo ndani ya motere ya mteja, ni bosi ndiye analipa. Hiyo ya pili ni kweli kabisa, tuliiona. Ile ya kwanza hatuikubali. Kupigwa hakumfundishi mtu kupima valvu.

Kuko pia wanaotuambia si wakati. Mwisho wa Januari 2025 benki zilifunga, ndege za abiria ziliacha kutua, magari mengi ya mashirika yaliyolisha garaje za mji yaliondoka. Sasa ninyi mnakuja na mambo ya wanafunzi? Ndiyo, tunakuja nayo. Mkumbuke siku zile zenyewe: umeme ulikatika, pampu za maji zikasimama, watu wakashuka ziwani na mabido kuteka maji machafu, na kipindupindu kikinyemelea. Mji huu unaishi kwa pampu, jenereta, pikipiki na mashua. Vumbi la mawe ya Nyiragongo linakula filta na amotisere kila siku. Mtu anayejua kusikia beringi mbele ife ni mtu wa lazima Goma, kama vile muuguzi.

Hatutangoja Kinshasa, wala yeyote mwingine. Tuliandika karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ili kila bosi aweze kuisoma. Ndani yake kuko majina mawili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi ambazo mwanafunzi atafundishwa, pesa aliyotoa na ni juu ya nini. Mwanafunzi akivunja kitu kwa uzembe, kuko namna ya kulipa polepole. Akiumia kazini, garaje inasaidia matibabu. Hakuna kuingia chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Siku ya mwisho anapewa barua inayosema anajua nini. Sahihi tatu: bosi, mwanafunzi, na shahidi mmoja, anaweza kuwa mzazi ao mkubwa wa chama cha mafundi.

Wenye diploma kati yetu tumejitolea kulipa kwa namna nyingine pia: jioni, kusomea mafundi vitabu vya mashine vilivyoandikwa Kifaransa na Kiingereza, na kuwachorea mpango wa kuchunga jenereta za wateja wao.

Mpaka leo mabosi wawili wa upande wa Ndosho wamekubali kuisoma. Mmoja alitia sahihi. Wa pili alisema atatia sahihi tukiondoa mstari wa matibabu. Hatujauondoa. Tutarudi kwake wiki ijayo, na mwenzetu wa vidole vitatu ndiye atakayeongea.