Usiniletee Tisheti, Niletee Gari la Taka

Wasee, leo naanza kwa kukiri. Mwaka jana nililipwa thao tatu kudanganya watu kuhusu Ziwa Naivasha.

Wakati nashika kamera sikujua ni uongo. Kampuni fulani, jina nitaliacha, ilikuja na mabasi mawili kutoka Nairobi kufanya kile walichoita siku ya usafi wa ziwa. Tisheti mpya nyeupe, glavu za bluu, DJ, hema mbili, na katoni za maji ya chupa zimepangwa hadi kiunoni. Kazi yangu ilikuwa video ya dakika moja. Nikaipiga vizuri tu. Watu wanainama, wanaokota, wanacheka, chupa inaingia kwa gunia. Saa sita wakapanga mstari nyuma ya magunia kama 40 yaliyojaa, picha ya pamoja ikapigwa, wakaenda kula nyama. Saa tisa mabasi yakaondoka.

Magunia yakabaki.

Kila mtu alidhani kuna mwingine amepigia gari simu. Hakuna aliyepiga. Jumatano niliporudi pale kuvua, mbwa na mbuzi walikuwa wamepasua karibu nusu yake. Upepo ulikuwa umechukua mengine, na mvua ya usiku ikasukuma zilizobaki hadi majini. Na juu ya zile takataka za zamani kulikuwa na takataka mpya: chupa za yale maji yao, zingine hazijaisha hata nusu. Yaani ufuo ulikuwa mchafu kuliko kabla hawajaja kuusafisha.

Video yangu ilikuwa inaendelea kupata makopa.

Sasa nisikilizwe vizuri. Sisemi watu wasiokote taka. Nasema kuokota taka na kuziacha mita kumi kutoka majini sio usafi, ni kuzihamisha. Na ukizihamisha mbele ya kamera, hilo ni tangazo la biashara. Tuite kitu kwa jina lake.

Mimi navua. Sio kazi yangu, na sina mtumbwi. Nina leseni, fimbo moja ya mitumba, nailoni, ndoano chache na donge la ugali kama chambo. Nilianza kwenda kila wiki nilipoacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kukwama. Nyumbani mathe alikuwa haniulizi kitu, na huko kutoulizwa ndiko kulikuwa kunaniumiza. Lakini ukikaa kando ya maji ukingoja tilapia aguse uzi, hakuna mtu anakuuliza utamaliza masomo lini. Wengi wa wale tunaokutana nao pale na fimbo zetu tuko hivyo. Kuna wa boda, kuna aliyefutwa shambani, kuna wale hutoka Nairobi Jumamosi na matatu ya asubuhi kupumzisha akili tu. Kwa hivyo nikiongea kuhusu huu ufuo, naongea kuhusu mahali palinishika nisianguke.

Na kuna kitu kuhusu hili ziwa ambacho hawa wa tisheti hawakuambiwa. Mito inaingia Naivasha, Malewa ukiwa ndio mkubwa. Lakini hakuna mto unaotoka. Maji hupenya chini kwa chini kwenye ardhi, na ndiyo maana ziwa halina chumvi kama Elementaita au Nakuru. Sasa niambie, chupa ya soda itapenya chini kwa chini kwenda wapi? Daipa je? Kila kitu kinachoingia kwa mtaro wa mtaani mvua ikinyesha kinashuka kwa ziwa, na kikishafika, kimefika. Mwaka wa 2020 maji yalipanda mpaka yakaingia nyumba za watu kule Kihoto. Fikiria ziwa linaingia kwa choo cha shimo na kwa jaa la taka, halafu linarudi na mzigo. Hakuna mahali pengine pa kuupeleka.

Karatasi tunazo nyingi. Naivasha imeorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar tangu 1995 kama ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, faini milioni mbili hadi nne. Tangu Juni 5, 2020, hauruhusiwi kuingia na chupa ya plastiki ya kutumia mara moja kwa mbuga za kitaifa, na Hell's Gate iko kilomita chache tu kutoka hapa. Yaani pale getini utaambiwa uache chupa yako, halafu ukishuka Kamere unaitupa na hakuna anayekohoa. Swara analindwa asione plastiki. Sisi na samaki tunaokula tutajijua.

Na Katiba iko wazi. Jedwali la Nne linasema kuzoa taka ni kazi ya kaunti. Sio ya kampuni, sio ya influensa, sio ya yule mzee wa BMU anayefagia mbele ya mtumbwi wake kila asubuhi bila kulipwa. Kwa hivyo ombi langu kwa kaunti ni dogo sana hadi linaniaibisha: pipa kubwa lenye kifuniko kila mahali umma unaposhukia ziwani, na gari lije kila Jumatatu, kwa sababu wikendi ndiyo wageni huwa wengi. Basi. Hatujaomba reli.

Hapo najua mnapiga makofi. Ngojeni, sasa zamu yetu.

Sisi wa ndoano tunapenda sana kusema hizi taka sio zetu. Na ni kweli, nyingi sio zetu. Sijawahi kuona mtu akivua na daipa. Lakini kuna taka moja ambayo ni yetu peke yetu na hakuna mwingine wa kulaumiwa: nailoni.

Kuna siku ndoano yangu ilinasa kwa mizizi. Nikavuta, ikakataa, nikakata uzi, nikafunga mwingine. Sekunde 20. Sikuwaza tena. Wiki iliyofuata, pale pale, nilikuta yangeyange ananing'inia kwa papyrus, mguu umezungushiwa uzi mpaka umekatika ngozi. Alikuwa bado anapiga bawa moja. Mzee mmoja mvuvi akaja na kisu, akamshika shingo polepole, akakata uzi. Ndege hakuruka. Alikaa tu kwa matope.

Mzee akaniuliza, "Kijana, huu uzi ni wako?"

Nikamwambia, "Sijui, mzee."

Nilijua. Nilikuwa natumia uzi wa kijani, na pale sikuwa nimeona mwingine wa kijani. Mzee aliniangalia kidogo, akakunja ule uzi kwa vidole, akauweka mfukoni mwake. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Nailoni haiozi leo wala kesho. Ukiiacha majini itaendelea kuvua bila wewe, mwaka baada ya mwaka, na haibagui kama ni samaki au ndege. Kwa hivyo mtu asiniambie ati tatizo ni watalii pekee. Tatizo ni mimi pia, na nilisema uongo mbele ya mzee mwenye umri wa guka yangu.

Sasa kwa nini nataka sisi, na sio mtu mwingine, tuwe wa kwanza kubadilika? Kwa sababu sisi ndio tutafukuzwa kwanza.

Zunguka hili ziwa siku moja na nduthi uangalie. Ni wapi mtu wa kawaida anaweza kufika kwa maji bila kulipa kiingilio? Karagita, Kamere, na sehemu zingine chache za kuhesabu kwa vidole. Kwingine ni hoteli, shamba la maua, ua, geti, askari. Hizo njia chache ndizo zimebaki za wote. Na nimekaa kwa kikao kimoja ufuoni nikasikia mtu aliyevaa koti zuri akisema wazi, "Hawa vijana wa ndoano ndio wachafu. Pafungwe, paekwe mtu wa kusimamia, watu walipe." Nilitaka kubisha. Nikaangalia chini, kati ya viatu vyangu kulikuwa na karatasi ya chipo, vifuniko vitatu na kipande cha nailoni. Nikanyamaza.

Ndiyo maana nina hasira. Kila chupa tunayoiacha ni hoja tunampa mtu anayetaka kujenga ukuta. Hata hatalazimika kudanganya. Atapiga picha tu. Na siku ukuta utajengwa, kampuni ya tisheti itapata mahali kwingine pa kupigia picha. Wewe na mimi tutarudi kukaa kwa kibanda cha bet tukiangalia simu.

Kwa hivyo mimi na mbogi yangu ndogo, watu watano, tuna mambo manne tunafanya, na hatuna tisheti.

Kwanza, kila mtu anakuja na gunia lake na anarudi nalo. Sio kuliacha ufuoni. Linapanda matatu na wewe hadi mjini, kwa jaa linalozolewa. Makanga atakuangalia vibaya. Mwangalie pia.

Pili, uzi uliokatika unaingia kwa chupa yenye kifuniko, tunayoifunga kwa fimbo. Ndoano ikinasa, tunajaribu kuitoa kutoka upande mwingine kabla ya kukata. Lakini usiingie majini kuifuata. Kiboko hana mchezo, na hakuna ndoano inayofaa kufiwa.

Tatu, kabla ya kurusha fimbo, dakika kumi za kuokota pale unapokaa. Pale unapokaa tu. Sio ziwa zima. Chupa safi tunazitenga, kuna jamaa mjini ananunua plastiki kwa kilo. Pesa ni kidogo, lakini imetulipia chambo na chai.

Nne, hatupigi video ya kuokota. Tunapiga picha moja tu: ya mahali taka zilikoishia. Kama huwezi kunionyesha taka zako zilifika wapi, usinionyeshe ukiziinua.

Najua komenti zinazokuja. "Wewe ni drop-out, nani alikufanya waziri wa mazingira?" Hakuna. Lakini sihitaji digrii kuona gunia limepasuka. Kifungu cha 69 cha Katiba kinasema kila mtu ana jukumu la kushirikiana kulinda mazingira. Sijaona mahali kimeandika "kila mtu aliyehitimu".

Mwingine atasema, "Mkiokota nyinyi, kaunti italala zaidi." Hii ni hoja nzuri na imenisumbua. Jibu langu ni hili: ndiyo maana tunahesabu. Kila Jumamosi tunaandika tulitoka na magunia mangapi, kutoka wapi, na kila mwisho wa mwezi barua inaenda kwa ofisi ya wadi. Tumepeleka tatu. Tumejibiwa sifuri. Tutapeleka ya nne. Kuokota bila kudai ni kumfanyia mtu kazi yake bure, na kudai huku umekalia taka zako ni kelele.

Na kwa ile kampuni, kama mnasoma hii: mwaka huu mlinitumia ujumbe tena, na mmeongeza hadi thao tano. Jibu langu ni hili hapa hadharani. Wacheni tisheti. Wacheni DJ. Njooni na maji kwa mtungi mkubwa na vikombe vya kuoshwa. Chukueni pesa ya hema mbili mkodi lori, na lori liondoke kabla ya mabasi. Mkifanya hivyo nitawapigia video bure, na nitaenda ndani ya hilo lori na kamera ikiwa wazi hadi mwisho wa safari.

Ile video ya zamani nimeitoa. Ilikuwa yenye watazamaji wengi kuliko zote nilizowahi kuposti, kwa hivyo msiniambie haikuuma.

Jumamosi hii tuko Karagita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuja na gunia. Ukikuta mzee mmoja pale ana kisu kidogo na uzi wa kijani mfukoni, mwambie yule kijana amesema ulikuwa wake.