Nani Ana Koneksheni?

Swali hilo likirushwa kwenye kundi la WhatsApp, hazipiti dakika tano video ya faragha ya mtu inaanza kuzunguka: maofisini, vyuoni, hadi kwenye makundi ya familia ambako asubuhi walitumiana dua. Wakishashiba kutazama, waungwana hao hao wanageuka mahakimu: kwani alijirekodi ya nini?

Alijirekodi kwa ajili ya mtu aliyemwamini. Hilo si kosa. Mhalifu ni aliyeivujisha, na kila aliyeirusha mbele ni mshirika wake.

Tena tusijifiche nyuma ya maadili. Uvujishaji huu ni silaha ya kufunga watu midomo. Mwaka 2012 Khadija Ismayilova, mwandishi wa habari wa Azerbaijan aliyekuwa akifichua mali za familia ya rais, alitumiwa picha zilizonaswa na kamera iliyofichwa chumbani kwake, pamoja na onyo kwamba asipoacha ataaibishwa. Hakuacha. Alitangaza hadharani kwamba anatishwa, na video ikamwagwa mtandaoni. Mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema serikali yake haikuchunguza ipasavyo uhalifu ule.

Kwetu anayetishwa ni binti anayetaka kumwacha mchumba. Ni mtalaka anayedai matunzo ya watoto. Ni mama aliyethubutu kuchukua fomu ya udiwani. “Ukifungua mdomo, naziachia.” Naye anarudisha fomu, na sisi tunauliza kwa nini wanawake hawagombei!

Na sheria je? Uganda ilitunga sheria ya kupinga ponografia mwaka 2014. Picha za mwanamuziki mmoja zilipovujishwa mwaka huo huo, waziri wa maadili alitaka akamatwe yeye, aliyedhulumiwa. Ilichukua hadi mwaka 2021 Mahakama ya Katiba kubatilisha vifungu vikuu vya sheria ile. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2018, anayesambaza picha za faragha hatozwi zaidi ya shilingi 200,000 wala hafungwi zaidi ya miaka 2. Hiyo ndiyo bei ya utu wa mtu?

Video kama hiyo ikikufikia, ifute, na mkemee aliyeituma mbele ya kundi zima. Nawe unayetishwa, usimlipe hata senti. Usifute ujumbe wake wala namba yake, maana huo ndio ushahidi. Mchukue mtu unayemwamini, mwende polisi leo.