Barua Inabaki Erdington, Gari Linapanda Meli



Tumejadili sana katiba, uraia pacha na mafisadi, na yote ni hoja nzito. Leo naomba kuja na hoja ya gari. Kabla hujasema huyu mbeba maboksi kakosa la kuandika, nivumilie kidogo, maana hii nayo ni siasa tupu.

Tarehe 20 Juni 2025 wenye Citroën C3 na DS3 hapa Uingereza waliambiwa: egesha gari, usiliendeshe tena mpaka tulitengeneze. Siku chache kabla ya hapo mwanamke mmoja alikuwa ameuawa karibu na Reims, Ufaransa, na mfuko wa hewa wa C3 yake. Magari kama 120,000 yakaguswa nchi nzima. Kwa mitaa kama yetu ya Erdington hilo si jambo dogo, maana C3 ni gari dogo la bei poa, la mtu wa zamu za usiku na la mama wa kupeleka watoto shule. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Wapo waliokaa majuma bila usafiri wakisubiri miadi.

Lakini hebu tazameni walicholalamikia. Walilalamikia KUCHELEWA kutengenezewa bure. Mwenye gari wa Tabata au Likoni analalamika kwa nani, ikiwa hata kuambiwa hajaambiwa?

Kwa wasioifahamu kadhia hii, mfuko wa hewa (mafundi wetu wanauita eabegi) hujazwa na kikopo cha chuma chenye baruti. Gari likigonga, baruti inawaka na gesi inaujaza mfuko kabla uso wako haujaufikia usukani. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia amonia nitrati, kemikali ile ile inayotumika kwenye mbolea. Ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, inaharibika. Siku ya ajali inawaka kwa kasi isiyotakiwa, kikopo chenyewe kinapasuka, na vipande vya chuma vinamfuata dereva usoni na shingoni. Ajali ya kutoka na michubuko inakutoa ndani ya sanduku. Takata ilikiri kosa la udanganyifu mahakamani Marekani mwaka 2017, na mwaka huo huo ikafilisika. Vikopo vilivyotakiwa kuondolewa duniani ni kama milioni 100.

Wamarekani, ambao wamezika angalau watu 28 kwa sababu hii, waligawanya nchi yao kwa hali ya hewa. Walioanza kushughulikiwa ni watu wa Florida, Hawaii, Puerto Rico na kwingineko kwenye joto na unyevu. Huko Malaysia, Julai 2014, mama mjamzito aliuawa na mfuko wa namna hii ndani ya Honda City mjini Sibu. Malaysia! Nchi ya joto na mvua. Sasa niambieni wenzangu, Tanga, Mombasa, Unguja na Dar ziko kwenye kanda gani? Ni nani aliyewahi kukaa kuichora?

Sasa nije kwenye barua. Hapa Uingereza gari likiitwa kurudi, kampuni inapata jina na anwani ya mwenye gari kutoka DVLA, kisha barua inatumwa nyumbani. Utaratibu mzuri kabisa, kwa gari ambalo bado liko hapa. Lakini magari yetu hayakai hapa. Yanauzwa, yanasafirishwa, yanashushwa Mombasa na Dar kwa sababu na sisi tunaendesha kushoto kama Mwingereza. Barua ikitumwa inaangukia kwenye kapeti la mlango mtaa wa Slade Road, inatupwa pamoja na matangazo ya piza, na gari lenyewe liko Mbagala kwenye foleni, jua la saa saba likiichemsha dashibodi.

Na hayo ya Uingereza ni machache. Mengi kabisa yanatoka Japani. Serikali ya Japani ilianza Mei 2018 kuyakataa kwenye ukaguzi wa lazima magari yenye mifuko hatari ya Takata ambayo haijabadilishwa. Vizuri sana kwa Mjapani. Gari la namna hiyo mwenyewe ana hiari ya kulitengeneza, kulikata chuma chakavu, au kulipeleka mnadani. Na mnadani wanunuzi ni akina nani, kama si sisi?

Hapa ndipo ninapochoka na wakubwa wetu. Mamlaka ya mapato inajua gari lako limetengenezwa mwaka gani, lina injini ya ukubwa gani na limepita bandari ipi. Inajua yote hayo ili ikukamue, na ukileta gari la zamani Tanzania unaongezewa ushuru kwa uchakavu wake. Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo namba ya chesisi wanayo, kompyuta wanazo, wakaguzi wanao. Wanashindwa nini kuilinganisha namba hiyo na orodha za watengenezaji kabla ya kutoa namba za usajili? Kwenye kodi macho manne, kwenye roho za watu kipofu!

Msiniambie haiwezekani kwa nchi ya mitumba. New Zealand wananunua magari yaliyotumika Japani kama sisi. Mwaka 2018 serikali yao ilitoa amri ya lazima kuhusu mifuko ya Takata iliyo hatari zaidi, na magari yaliyoingia yakiwa yametumika yalikuwamo ndani ya amri hiyo. Australia walitoa amri yao mwaka huo huo, wakaweka ukomo wa 31 Desemba 2020. Hawakuwabembeleza watengenezaji. Waliwaamuru, na gharama ikawa ya watengenezaji.

Najua atatokea mtu aseme, bwana, kwetu watu wanakufa na mabasi na bodaboda, haya ya eabegi ni anasa za wazungu. Hoja hiyo ndiyo mtaji wa wazembe. Kwa mantiki hiyo tusitibu kisukari mpaka malaria iishe. Mwingine atasema fundi wake Gerezani ameshauchomoa waya na taa ya dashibodi imezimwa. Sawa, lakini hapo huna gari salama, una gari lisilo na mfuko wa hewa kabisa, na atakayelinunua kwako hataambiwa.

Na sisi wa huku tusijifanye watakatifu. Wapo wenzetu wanaookota magari ya bei ya kutupa, kisha wanawauzia shemeji na binamu kwa jina la "gari la Ulaya". Wapo wanaosafirisha mikato na dashibodi zenye mifuko yake humo humo ndani ya kontena. Jumuiya zetu zinazochanga kwa misiba zinaweza kabisa kuweka sharti kwamba mwanachama hasafirishi gari kabla ya kulihakiki.

Kuhakiki si kazi. Gari la Uingereza unaingiza namba yake kwenye tovuti ya serikali, na kama lina wito, linabadilishwa bure KABLA halijaingia kontena. La Japani, Toyota na Honda za huko wana ukurasa wa kuingiza namba ya chesisi, bure. Muuzaji anayekuficha namba ya chesisi mpaka ulipe, mwache na gari lake.

Wabunge mnaopita humu kimya kimya, swali la nyongeza kwa Waziri mwenye dhamana ni hili: tangu mwaka 2018, ni magari mangapi yamezuiwa bandarini kwa sababu ya mfuko wa hewa?

Naomba kuwasilisha.